Ukimya wa Fingo na Ukimya wa Hirizi

Katika mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, mchawi anayeweza kuteketeza kijiji kizima huzimwa na kasisi mchanga wa ngazi ya 3. Kasisi hamgusi wala hamrushii kitu. Anachagua nukta moja, isiyozidi futi 120 kutoka aliposimama, yaani kama mita 36, na papo hapo panatanda tufe la ukimya linaloenea futi 20 kila upande wa nukta ile. Ndani yake hakuna sauti inayotoka, iwe ya mdomo, ya chombo au ya mlango unaovunjwa, na ya nje haipenyi. Aliye ndani ni kiziwi kwa muda. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya uchawi wa mchezo huu haifanyi kazi bila maneno kutamkwa, mchawi aliyenaswa mle amebaki na kanzu yake tu. Hapewi hata dadu ya kujinusuru, maana uchawi haukumlenga yeye.

Mchezaji anayesoma hayo kwa mara ya kwanza huona ameokota silaha ya bure. Vita vikianza anaitumia haraka haraka. Zamu ya mchawi ikifika, anatembea futi 25, anatoka nje ya tufe, anageuka na kuwamwagia moto wote. Kila mtu ana mwendo wa futi 30 hivi katika zamu yake, na kutembea hakumnyimi tendo lake. Kwa hiyo kasisi ametumia zamu nzima na akiba yake ya uchawi ili adui apige hatua chache.

Nadhani lawama hapo si ya uchawi wenyewe. Mchezaji amedhani amemvisha adui kitu, kumbe amekifukia ardhini. Uganga wa Pwani unazijua njia hizo mbili vizuri. Kuna hirizi, inayovaliwa shingoni au mkononi na kwenda popote aendako mwenyewe. Na kuna fingo, linalofukiwa, kama yale ambayo Wamijikenda waliyazika ndani ya kaya zao ili yalinde makazi yote. Ukimya wa mchezo huu umewahi kuwa wa hirizi na umewahi kuwa wa fingo, na karibu kila ubishi mezani hutokea kwa sababu mtu anacheza wa namna moja huku kanuni zikizungumzia ule mwingine.

Toleo la AD&D, ambalo kitabu chake cha wachezaji kilitoka mwaka 1978, liliruhusu ukimya uwekwe juu ya mtu au kitu, uende nacho. Asiyetaka alipata nafasi ya kujinusuru, lakini kokoto haina cha kujinusuru. Kasisi alikuwa anaushusha ukimya juu ya kokoto, mpiganaji anaitia mfukoni, kisha anamkimbilia mchawi na kumganda. Akikimbia, ukimya unamfuata kwa miguu ya mpiganaji. Toleo la 3, la mwaka 2000, liliendelea kuruhusu kiumbe, kitu au nukta. Toleo la 5 la mwaka 2014 likakata shauri: nukta peke yake. Hirizi ikapigwa marufuku, fingo likabaki. Mchezo wa jamaa yake, Pathfinder, katika toleo lake la pili la mwaka 2019, ulikwenda upande mwingine kabisa. Huko ukimya huwekwa kwa kumgusa anayekubali mwenyewe, naye ndiye asiyetoa sauti. Mpaka ukiutumia kwa daraja la 4 la uchawi ndipo unaenea futi 10 kumzunguka. Mzee aliyejifunza mchezo zamani na kijana aliyeanza juzi wanaweza kubishana jioni nzima, na wote wawili wana haki.

Nitabaki na toleo la 5 la mwaka 2014, kwa sababu ndilo lililo mikononi mwa wengi. Tangu Januari 2023 kanuni zake za msingi zimetolewa kwa leseni huria, ukimya ukiwemo, na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma bila kulipa.

Ukishakubali kwamba una fingo, swali linakuwa la uwanja. Adui yuko wapi, atatokea wapi, na nani amesimama hapo anapotokea? Watu hupenda kuweka nukta juu ya kichwa cha mchawi, kana kwamba wanalenga shabaha. Hapo umempa njia ya kutoka kila upande, zote futi 20. Afadhali uisogeze nukta. Kama nyuma yake kuna ukuta au genge, liweke tufe lizibe upande ulio wazi, ili kutoka kwake kumlazimu kuvuka ukimya wote na kuibukia kwa wapiganaji wako.

Bado anaweza kutembea, kwa hiyo lazima miguu yake ifungwe. Njia ya bei nafuu ni mpiganaji mwenye mabavu kumkaba. Aliyekabwa mwendo wake ni sifuri, na wachawi wasomi kwa kawaida hawana misuli ya kujichomoa. Njia nyingine ni utando au miiba inayofanya ardhi iwe ngumu kupitika, ambapo kila futi moja inagharimu mbili. Basi futi 20 zinakuwa 40, na mchawi hana budi kutumia tendo lake kukimbia badala ya kuroga. Lakini utando na miiba huhitaji mtu wa pili, kwa kuwa ukimya unadai umakini wa aliyeuweka, na hakuna anayeweza kushikilia viwili vya namna hiyo kwa wakati mmoja.

Niliyaona haya yakifanyika Itumbe, Kisii, kwenye chumba cha nyuma cha hoteli ya chai, meza ikiwa na vipande vya sataranji vya mawe ya Tabaka badala ya sanamu za plastiki zinazouzwa ghali. Mfalme alikuwa mchawi, vitunda vilikuwa walinzi wake. Mchezeshaji alichukua kifuniko cha sufuria ndogo, akakilaza juu ya ramani. Kwa kipimo cha inchi moja kwa futi 5, tufe lote lina upana wa inchi 8, na kifuniko kile kilikaribia kabisa. Kisha akatoa amri ambayo haimo kitabuni: aliye chini ya kifuniko asiseme neno, hata kwa wenzake.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye mpiganaji wake alikuwa amemkaba mfalme, akafungua kinywa kuomba dawa.

“Mwalimu, uko chini ya kifuniko,” mchezeshaji akamwambia.

Mwalimu akaanza kuashiria kwa vidole. Hakuna aliyemwelewa. Mmoja alidhani anataka watu wawili zaidi, mwingine alidhani anasema zamu mbili zimebaki. Mpiganaji akaanguka, na kasisi wao, aliyekuwa ameingia ndani ya tufe kumsaidia, akagundua kwamba uponyaji wake nao unahitaji maneno. Wakati huo mvua ya alasiri, isiyokosa sana katika vilima vya Gusii, ilianza kupiga mabati, na kwa dakika kumi hivi hata waliokuwa nje ya kifuniko hawakusikizana.

Amri ile ya mchezeshaji ni nzuri kuliko nyingi nilizosoma vitabuni. Ukimya hauna upande. Unamfunga mchawi wao na kasisi wako sawasawa, na kikosi kinachopanga kuutumia kinapaswa kukubaliana ishara kabla, kiwe na chupa za dawa za kunywa mikononi mwa wapiganaji, na kimwache mponyaji nje. Kutoka nje anaweza kuponya walio ndani mradi uchawi wake hauhitaji asikike na mgonjwa. Hata moto unaweza kurushwa kutoka nje ukalipuka ndani. Tufe huzuia sauti tu, halizuii uchawi kupita, na jambo hilo husahaulika ajabu.

Sasa tugeuke tuwe mchawi aliyenaswa. La kwanza ni kutembea, na tumeshaliona. La pili ni kumvuruga aliyeweka ukimya. Kila anapoumia lazima arushe dadu ya pande 20 na kufikia 10 au nusu ya maumivu aliyopata, lile lililo kubwa. Akishindwa, ukimya unayeyuka. Mshale mmoja mzuri unaweza kutosha. Kasisi mwerevu analijua hilo, kwa hiyo akishauweka hurudi nyuma ya mwamba. Kanuni hazimtaki aendelee kulitazama tufe lake, zinamtaka awe hai na awe makini, basi.

La tatu ni zinguo. Uchawi wa kuzingua wa daraja la 3 hufuta ukimya bila hata kurusha dadu, lakini wenyewe unahitaji maneno, hivyo sharti atoke mtu aliye nje. Hapa ndipo kikosi chenye wachawi wawili kinapokishinda chenye mmoja. Wasimame mbali zaidi ya futi 40, na hakuna tufe moja litakalowameza wote wawili. Nimeona wachezaji wazoefu wakiwapanga wachawi wao bega kwa bega, ati ili walindwe pamoja, halafu wanalia.

La nne, uchawi usio na maneno. Ni mchache lakini upo, na mchawi anayejiheshimu anapaswa kuwa nao hata mmoja. Uchawi wa kutibua uchawi wa mwenzako hutumia mkono tu, kwa hiyo aliye ndani ya ukimya bado anaweza kuharibu kazi ya kasisi wako akimwona anaroga. Mchoro wa rangi unaopumbaza umati hutumia mkono na kifaa. Kuna pia ule wa kujifanya hauonekani huku kivuli chako kikibaki nyuma kuwadanganya watu, nao ni wa mkono peke yake. Mchawi wa kuzaliwa, tofauti na msomi, anaweza kujifunza kuroga bila neno wala ishara kwa kulipa sehemu ndogo ya nguvu zake; kwake ukimya ni usumbufu mdogo. Fimbo za uchawi nyingi hufanya kazi bila kutamka chochote, isipokuwa zile zinazoamshwa kwa neno maalumu, ambazo mle ndani ni kuni. Na majoka yanayotema moto hayakuwahi kuhitaji kusema. Ukimya dhidi ya joka ni kupoteza zamu, labda kama joka lenyewe ni la kusoma na kuroga.

Orodha hiyo inaniletea jambo ambalo watunzi wa dunia za mchezo hulipita haraka mno: nguvu ya uchawi imekaa wapi? Toleo la 5 linasema iko mdomoni, mkononi au kwenye kifaa, na mara nyingi zaidi iko mdomoni. Uchawi wa namna hiyo ungeeleweka haraka Lamu au Mombasa. Halbadiri husomwa kwa sauti. Apizo hutamkwa. Mganga wa kitabu huanza na kisomo. Mnyamazishe msomaji wa halbadiri na huna halbadiri tena.

Panda mpaka Gusii na hesabu inabadilika. Robert LeVine, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu juu ya imani za Abagusii kuhusu omorogi, yaani mchawi. Katika imani hizo omorogi hufanya kazi usiku, mara nyingi na wenzake, na nguvu yake iko kwenye vitu: nywele, kucha, mabaki ya aliyemlenga, dawa iliyofichwa nyumbani kwake. Hahitaji kusema. Ukimtengenezea mchezo kwa kanuni za kawaida, ukimya hautamgusa kabisa. LeVine anataja pia wataalamu wa kupambana naye, kila mmoja na kazi yake: omoragori anayepiga ramli kujua chanzo cha tatizo, omoriori anayekuja kufukua kilichofichwa, omonyamosira anayelipwa ili arudishe pigo. Mtu anayetaka kuandika mchezo wa Gusii ana kikosi tayari hapo, na silaha kuu ya kikosi hicho ni kupekua paa na kuchimba sakafu. Kuziba midomo hakungewasaidia kitu.

Ila ningemwomba mtunzi huyo aweke mpaka mmoja. Asimfanye bibi kizee wa kijijini kuwa adui. Mei 2008 watu 11 walichomwa moto hadi kufa Kisii kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee, na Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa madai hayo hayo. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ambayo ni ya tangu mwaka 1925, inamshtaki anayejidai mchawi na vilevile inamkataza mtu kumtaja mwenzake kuwa mchawi, lakini kundi lenye petroli halijawahi kusubiri kifungu cha sheria. Mchezo una majitu, mizimu na mazimwi ya kutosha.

Turudi uwanjani, kwa matumizi ambayo mimi nayapenda zaidi kuliko kumzima mchawi: kumzima mlinzi. Kabla serikali ya kikoloni haijaziondoa mwanzoni mwa karne ya 20, Abagusii walikuwa na ebisarate, kambi za ng’ombe zilizolindwa na vijana wenye silaha. Kambi kama hiyo huishi kwa ukelele. Mmoja akipiga mayowe, kilima cha pili kinasikia, na baada ya muda mfupi mvamizi amezungukwa. Weka mandhari hiyo mezani na ukimya unapata thamani yake halisi. Mlinzi akiangushwa ndani ya tufe hakuna yowe. Lango likivunjwa hakuna kishindo. Na kwa kuwa kasisi na manju wanaweza kuuandaa kama ibada, kwa kuongeza dakika 10 za maandalizi, hawatumii akiba yao ya uchawi hata kidogo. Kisha ukimya wenyewe unadumu dakika nyingine 10. Mtawa wa njia ya kivuli ana ukimya wake pia, na huyo ndiye mvamizi hasa, kwa sababu anauweka na kuingia ndani yake mwenyewe.

Mchezeshaji asikubali hilo kirahisi, ingawa. Usiku wa kijijini una vyura, nyenje, mbwa na ng’ombe wanaocheua. Tufe likishuka, vyote vinakatika kwa pamoja, na mlinzi asiyesikia hata nyayo zake mwenyewe atajua kwamba amerogwa. Aliye nje ya tufe, hatua 30 kando, atajiuliza mbona mbwa wamenyamaza kwa mpigo. Mimi humpa mlinzi wa ndani nafasi ya kukimbia kutoka nje na kupiga yowe. Wavamizi wakitaka anyamaze kweli, wamwahi kabla hajafika ukingoni. Tumerudi kwenye fingo: tufe ni mahali, na mahali pana mipaka.

Anayeumia zaidi, nadhani, ni yule asiyeroga kabisa bali huwatia wenzake moyo. Kanuni zinataka manju asikike na yule anayemhamasisha. Manju wa Kigusii angekuwa na obokano, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito ya chini, na ndani ya ukimya lile ni sanduku la mbao. Au mfikirie Moraa Ng’iti, mwaguzi wa Kitutu, anayekumbukwa kwa kuwachochea vijana wapinge wakoloni, hata mmoja wao, Otenyo, akamchoma mkuki ofisa wa kikoloni Geoffrey Northcote mnamo Januari 1908. Katika mchezo Moraa asingekuwa na moto wala radi. Silaha yake ni sauti, na anayeelewa vita angemwekea yeye tufe kabla ya kumwekea mchawi yeyote. Wachezaji hawafanyi hivyo, kwa kuwa wanamtazama anayeng’aa.

Kuna pia faida ya pembeni ambayo Kisii, penye ngurumo na mvua ya mawe kila msimu, mtu ataielewa mara moja. Aliye ndani ya tufe kikamilifu hapati madhara yoyote ya ngurumo. Dhidi ya adui anayepasua kwa sauti, kasisi anaweza kuufanya ukimya kuwa ngao ya kikosi chake na kuwaacha wapiganaji wapigane humo kwa raha zao. Ni nadra kuhitajika, lakini siku ikihitajika hakuna kinga nyingine ya daraja lake, la 2, inayoikaribia.

Neno “kikamilifu” ndilo lililoleta ubishi mrefu kuliko wote pale Itumbe. Jitu la dhoruba linafika futi 26 kwa kimo. Nukta ikiwekwa ardhini, juu ya miguu yake, tufe linapanda futi 20 tu na kichwa chake kiko nje. Je, anaweza kuroga? Mwalimu alisema hapana, kwa sababu mwili uko ndani. Kijana aliyekuwa akichezesha jitu alisema kinywa ndicho kinachotamka, na kinywa kinapata hewa safi. Mimi niko na kijana: sauti yake inazaliwa nje ya tufe, masikio yake yako nje, basi anasikia na anatamka. Kasisi aliyetaka kumnyamazisha angeiweka nukta futi 13 juu ya ardhi, usawa wa kiuno cha jitu, na tufe lingemfunika kuanzia utosini hadi nyayoni. Kanuni zinamruhusu kuchagua nukta hewani. Hakuchagua, na jitu likaanza kuita mawingu.